Ini Lililovimba au Kidole Tumbo? Kupima Tumbo la Mtoto wa Ziwani

Mtoto kutoka Dunga au Usoma, ufuoni mwa Ziwa Victoria, akifikishwa hospitalini Kisumu ana homa, anatapika na tumbo linamuuma upande wa kulia, daktari huwaza kidole tumbo au jipu la ini. Ni haki awaze hivyo. Lakini ufuo huu una kichocho cha tumbo, ugonjwa wa minyoo inayoambukizwa majini, na mayai ya minyoo hiyo yakinasa kwenye ini, ini huvimba na kuuma. Asipasuliwe bure, wala asicheleweshewe upasuaji anaouhitaji.

Mikono hutangulia. Tumbo lililokakamaa linampeleka mtoto moja kwa moja kwa daktari wa upasuaji, maabara ifuate baadaye. Likiwa laini, ini limeshuka chini ya mbavu na bandama imevimba, mama aulizwe: mtoto huogelea wapi, maji mnachota wapi?

Kisha kinyesi. Kwa mbinu ya Kato-Katz, huchujwa kwenye wavu, hujazwa katika tundu linalobeba miligramu 41.7, kisha hufunikwa kwa selofani iliyolowekwa gliserini. Mtaalamu hutafuta kwa darubini yai lenye mwiba ubavuni, akahesabu na kuzidisha mara 24 kupata mayai katika gramu moja. Kuanzia 400, maambukizi ni mazito.

Hapa ndipo penye mtego. Wiki za mwanzo za maambukizi minyoo haijataga, kwa hiyo homa kali huja bila yai hata moja. Kinachoashiria kichocho wakati huo ni kupanda kwa eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Kwa upande mwingine, watoto wengi wa ufuoni wana mayai. Mwenye mayai naye huugua kidole tumbo, hivyo yai peke yake halimwondoi mtoto kwenye orodha ya upasuaji.

Ultrasaundi ndiyo huamua mengi: huonyesha jipu, kidole tumbo kilichovimba, na makovu kandokando ya mishipa ya ini, ambayo mwongozo wa Niamey, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000, huyapanga kwa herufi. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Makueni ulikuta watoto wenye ini na bandama kubwa, ngumu, bila makovu yoyote pichani. Walipopewa dawa ya kichocho, prazikwanteli, na kuepushwa na maji yenye vimelea, uvimbe ulipungua.

Kwa hiyo mkono, darubini na picha visomwe pamoja, na swali la maji liandikwe kwenye fomu ya dharura ya kila mtoto wa ziwani. Swali hilo halina gharama, na jibu lake linaweza kumwepusha mtoto na kisu asichokihitaji.