Akiba ya Mkono

Kila Februari, warushaji wa timu za besiboli za Marekani hutangulia kambini Arizona na Florida pamoja na wadakaji wao, siku kadhaa kabla ya wachezaji wengine. Mpigaji anaweza kuchelewa kidogo, lakini mkono wa mrushaji hauharakishwi. Ndipo makocha wanapoanza hesabu inayowakosesha usingizi: nani mzima, nani bado anauguza kiwiko, na nani atakuwa amesimama Oktoba, baada ya mechi 162.

Mwanzoni mwa 2025 hesabu hiyo iliwasumbua hata mabingwa watetezi, Los Angeles Dodgers. Msimu uliotangulia majeraha yaliwapukutisha mpaka wakaingia mechi za mtoano na warushaji watatu tu wa kutegemewa wa kuanzisha mechi. Siku nyingine warushaji wa akiba waligawana vipindi. Shohei Ohtani, nyota wao anayerusha na kupiga, aliyepasuliwa kiwiko Septemba 2023, alipiga mwaka mzima bila kurusha. Klabu ikafungua mfuko: ikamsajili mrushaji Blake Snell, kisha kijana Roki Sasaki kutoka Japani. Msimu ulipoanza, wote wawili walikaa nje miezi kadhaa kwa maumivu ya bega. Fedha hununua kipaji. Uzima wa bega hauna duka.

Tuutazame basi ufundi wenyewe unaogharimu hivyo. Mrushaji husimama juu ya tuta la udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, mkononi ana mpira usiofika gramu 150. Akiutupa kwa kilomita 150 kwa saa, unafika kabla nusu sekunde haijatimia. Mpigaji hana nafasi ya kuona kwanza ndipo aamue. Hana budi kubashiri. Kwa hiyo mrushaji bingwa hapambani na macho ya mpigaji, anapambana na ubashiri wake. Huinua mkono ule ule, kwa mwendo ule ule, ila vidole vimebadili mshiko juu ya mishono. Mpira mmoja unakuja kwa kasi, wa pili unachelewa, wa tatu unazama ghafla chini ya gongo. Greg Maddux hakuwa na kasi ya kutisha, lakini alitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995, kwa kujua mpira uende wapi na mpigaji anatarajia nini.

Mwili, hata hivyo, hudai malipo yake. Mwaka 1974, Tommy John, mrushaji wa Dodgers hao hao, alikatika kano ya kiwiko cha kushoto. Daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wa kulia akaipandikiza hapo. John alirudi uwanjani 1976 akarusha hadi 1989, na upasuaji huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Warushaji wengi mno wamepitia kisu hicho tangu hapo, kwa kuwa kila mmoja anafukuzia kasi.

Ndiyo maana Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa Dodgers, anastahili sifa. Hana umbo la jitu, na mazoezini hurusha mikuki myepesi ili nguvu itoke mwili mzima badala ya kukibebesha kiwiko peke yake. Dodgers walimpa mapumziko ya kutosha kati ya mechi na mechi, msimu mzima wa 2025. Kisha ikaja fainali dhidi ya Toronto Blue Jays. Alirusha mechi ya pili mwanzo hadi mwisho, akashinda. Akaanzisha ya sita, akashinda. Kesho yake, siku ambayo warushaji wengi wasingeweza hata kuinua bega, aliingia mechi ya saba akaimaliza katika kipindi cha kumi na moja. Ubingwa ukabaki Los Angeles.

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika besiboli akiba hiyo haikusanywi Oktoba wakati watu wanashangilia. Hukusanywa na kocha anayemtoa mrushaji uwanjani huku mashabiki wakizomea, na mrushaji anayekubali kutoka ilhali anajiona bado ana nguvu. Kwa hiyo wasiwasi wa Februari hauna aibu ndani yake. Timu isiyouona imeshaanza kutumia mkono wa Oktoba.