Kuijua Sabuni ya Maji Sumbawanga

Sabuni ya maji inayouzwa kwenye chupa zilizowahi kubeba maji ya kunywa, wanunuzi wengi huichagua kwa uzito na povu. Vyote viwili hudanganya. Uzito hupatikana kwa chumvi au CMC, vitu rahisi. Povu huletwa na salfoniki na slesi, hata zikitiwa kidogo. Kinachobaniwa ni CDE, kimiminika kizito cha rangi ya asali kinachotokana na mafuta ya nazi.

Salfoniki na slesi zina chaji hasi, CDE haina chaji yoyote. Hiyo CDE hujipenyeza kati ya hizo mbili, zikasongamana bila kusukumana, na ngozi ya povu ikawa imara mafuta yanapoivamia.

Basi ipime sabuni kwa mafuta. Juni na Julai, baridi ya hapa Ufipa huyagandisha ya ng'ombe kwenye sahani kabla hujamaliza kunawa. Osha kwa maji ya bomba, usiyapashe; maji ya moto humtetea muuzaji. Sabuni iliyonyimwa CDE huumuka sana mwanzoni, kisha sahani ya tatu inakuta maji matupu. Iliyotoshelezwa ina vipovu vidogo, laini, visivyo na haraka ya kufa.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha chumvi. Mimina sabuni kidogo kikombeni, tia chembe chache, koroga. Ikizidi kuwa nzito, ndani mna kitu. Ikilegea, mtengenezaji alishafika ukingoni: chumvi huongeza uzito hadi kiwango fulani, ikivuka hapo huuvunja. Ikivutika kidoleni kama mlenda, hiyo ni CMC.

Ilaze sabuni nje usiku mmoja. Ikiamka na ukungu, mara nyingi chumvi imezidi, ingawa jua likipanda huenda ikang'aa tena.

Rangi na pafyumu sizihesabu. Mikono ikiwasha, shuku soda ash iliyozidi, au salfoniki ambayo soda hiyo haikuizimua vya kutosha. Karatasi ya kupimia asidi isome karibu na 7. Mtengenezaji naye avae glavu: shirika la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka CDE kati ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, na anayeishika ikiwa haijachanganywa ni yeye, si mnunuzi.