Chumba cha Thelathini na Sita

Wanaodharau picha za karate husema ukishaona moja umeziona zote: watu wa steringi wanauawa, anakimbia, anajifunza, anarudi kulipiza. Hawakosei. *The 36th Chamber of Shaolin*, iliyotolewa Hong Kong mwaka 1978 na kampuni ya Shaw Brothers, ikiongozwa na Lau Kar-leung, inapita njia hiyo hiyo. Lakini kila ninapoitazama na wenzangu hapa Kinanira, hakuna anayeinuka katikati. Nadhani sababu yake haimo katika ngumi.

San Te, anayeigizwa na Gordon Liu, ni mwanafunzi. Watawala wa Kimanchu wanawaua watu wake, naye anakimbilia hekalu la Shaolin akitafuta ujuzi wa kupigana. Akiulizwa aanzie wapi, anachagua chumba cha juu kabisa, kile cha thelathini na tano. Humo hakuna panga wala rungu. Kuna wazee wanaosoma maandiko tu, na anatupwa nje bila kuguswa. Inambidi ashuke hadi cha kwanza, ambako somo lenyewe ni kuvuka maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea ili afike mezani. Akitumbukia, hali.

Hapo ndipo filamu inapochukua muda wake, na ndipo uzuri wake ulipo. Anabeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooshwa, visu vimefungwa mikononi. Akiishusha, vinamchoma mbavuni. Mtoto yeyote wa mitaa yetu aliyepandisha bidoni ya maji mlimani anaielewa picha hiyo bila mkalimani. Anagonga kengele kwa ufito mrefu wenye kichwa kizito. Anafuata mwanga wa mshumaa kwa macho tu, kichwa kikibanwa kati ya vijiti vya ubani vinavyowaka. Hatuoni kipaji, tunaona mtu anayeshindwa, anayelala na maumivu, kisha kesho anarudi. Ni filamu chache ninazozijua zinazothubutu kumfanya mtazamaji asubiri somo liishe.

Kisasi, kwa upande wake, kinamalizwa harakaharaka, kana kwamba mwongozaji mwenyewe amekichoka. Wenzangu wengine wanaiona hiyo kuwa kasoro. Mimi sioni hivyo. Kinanira iko jirani na Musaga, mtaa uliosikia risasi mwaka 2015, na sina hamu ya filamu inayonogesha kuua. Kasoro ninayoiona ni nyingine: wanawake karibu hawamo kabisa, utadhani China nzima ilikuwa ya wanaume.

Jambo kubwa liko kwenye ombi la San Te. Baada ya kuhitimu vyumba vyote anaruhusiwa kuchagua kimoja akisimamie. Anakataa, anaomba kianzishwe cha thelathini na sita, cha kuwafundisha watu wa kawaida nje ya hekalu. Wakubwa wanakasirika. Elimu, kwao, ina kuta.

Sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi ambayo vitabu vingi vya chuo viko kwa Kifaransa tunazijua kuta hizo. Ndiyo maana siwezi kuitenga filamu hii na watu waliozifikisha filamu za namna hii kwetu: Lufufu huko Tanzania na DJ Afro huko Kenya, wanaojulikana kwa kuhadithia sinema za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, kama wanavyofanya wasimulizi wa agasobanuye kwa Kinyarwanda. Wanaongeza utani, wanawapa wahusika majina mapya, mara nyingine wanapotosha kabisa. Mhadhiri wa tafsiri angewakata alama nyingi. Lakini bibi asiyejua Kiingereza wala Kichina anacheka, anakasirika, anabishana na steringi kuhusu uamuzi wake. Somo la tafsiri linaloanza na Shakespeare lingeweza kuanza na kanda moja ya Lufufu, wanafunzi wakapimana kipi kimepotea na kipi kimeongezwa.