Ukifika Uhuru, Umepitiliza

Kutoka kituo cha mwendokasi cha Kivukoni hadi Soko la Kariakoo ni mwendo wa kuelekea magharibi, usiofika kilomita tatu. Mwenye ramani na dira angemaliza maelezo kwa namba mbili: nyuzi kama 270, kisha umbali. Mjini hakuna anayeelekeza hivyo. Utaambiwa, kwa majina ya kituo na mitaa: "Shukia Faya, nyoosha na Msimbazi. Kona ya Mkunguni ingia kushoto, utaliona soko. Ukifika Uhuru, umepitiliza. Hapo muulize yeyote."

Tuyasome maelezo haya kama utungo, maana ndivyo yalivyo. Vitenzi vinaanza kwa amri: shukia, nyoosha, ingia. Hakuna sifa wala mandhari. Hata jengo la soko, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye miavuli yake ya zege, halipewi neno. Kisha amri zinakatika ghafla, na "umepitiliza" inasimulia kosa ambalo bado halijatendeka kana kwamba limekwisha kutendeka. Kwangu huo ndio mstari bora wa utungo mzima. Wasoma ramani wa porini nao huchagua, kabla ya kuondoka, mto au barabara iliyo ng'ambo ya wanakokwenda, ili wakiifikia wajue wamezidisha. Mwelekezaji wa Kariakoo amelitia kosa ndani ya maelezo yenyewe, halafu anang'atuka: "muulize yeyote". Msimulizi wa pili ataanzia pale uliposimama, bila kujali ulikotoka.

Kaskazini haitajwi kabisa, ingawa ipo karibu. Makka iko karibu kaskazini tupu mwa Dar es Salaam, kwa hiyo mihrabu ya msikiti wowote mtaani inaelekea kule kule inakoelekea sindano ya dira. Ila mitaa ya Kariakoo ilipimwa kwa miraba tangu enzi za Wajerumani, na kwenye miraba kushoto na kulia vinatosha.

Vinatosha mpaka ubadilishe mlango. Ingia kwa upande wa pili, wa Gerezani, na utungo ule ule unapinduka: Mkunguni inakuwa kulia kwako, na Uhuru, iliyokuwa uzio wa kukuzuia, unaivuka kabla hujaliona soko. Ukiyatii maneno hayo utageuka urudi ulikotoka, kwa uhakika kabisa. Nyuzi za dira nazo zinategemea unakoanzia, ila hazijui kushoto wala kulia. Zikikosewa, kosa ni la msomaji. Hapa kosa ni la mtunzi, aliyedhani kila mgeni anashukia Faya.

Hilo bado ninaweza kulisamehe. Nisilolisamehe ni "mbele kidogo", linalochomekwa kila pumzi inapopungua. Huweza kuwa duka la tatu, huweza kuwa Jangwani. Ningekuwa mhariri ningelifuta popote nilipolikuta, nikadai idadi ya kona.