Usugu wa asilimia ngapi, na kwa watoto gani?

Ukisoma tafiti za UTI kwa watoto kutoka hospitali zetu za rufaa, utaona zinafanana kama mapacha. Mkojo umeoteshwa, E. coli ameongoza, Klebsiella yumo, kisha linakuja jedwali la usugu: ampisilini na kotrimoksazoli (ile tunayoiita Septrin) zimeanguka vibaya. Hitimisho: tubadilishe dawa.

Hatubishi kwamba usugu upo. Upo, na unatisha. Na kuotesha mkojo pale ambapo vituo vingi havina hata maabara ya kufanya hivyo ni kazi ya kuheshimiwa. Tunachokataa ni kulibebesha jedwali mzigo lisioweza kuubeba.

Kwanza, uliza mtoto alifikaje hapo. Anayefika rufaa mara nyingi ameshapita duka la dawa na zahanati, ameshameza dawa moja au mbili. Bakteria waliouawa na dawa hizo hawafiki maabara. Wanaofika ni walionusurika. Basi asilimia hiyo si lazima iwe ya mtoto wa jirani yako anayelia akikojoa leo kwa mara ya kwanza. Ukiihamishia zahanati kama ilivyo, utamrukisha huyu kwenye sindano za seftriaksoni bila sababu. Na kadiri tunavyozitumia ovyo, ndivyo tunavyowapa nafasi bakteria wenye vimeng'enya vya kuzivunja.

Pili, mkojo ulichukuliwaje? Kichanga huwezi kumwambia akojoe kidogo, asubiri, ndipo ukinge. Wengi hubandikwa mfuko, na mfuko hukusanya pia bakteria wa ngozi na wa haja kubwa. Tuseme watoto 100 wana homa, 7 kati yao wana UTI kweli na wote wanagundulika. Mfuko ukidanganya kwa 20 tu kati ya wale 93 waliobaki, unapata majibu chanya 27, na 20 ni ya uongo. Yaani karibu robo tatu! Na E. coli wa kwenye nepi naye anahesabiwa kwenye jedwali la usugu.

Tatu, kizingiti. Ile namba maarufu ya makoloni 100,000 kwa mililita inatokana na kazi ya Edward Kass miaka ya 1950, na aliwachunguza wanawake watu wazima. Mwaka 2011 madaktari wa watoto wa Marekani waliweka 50,000 kwa watoto wa miezi 2 hadi 24, lakini kwa masharti: mkojo utoke kwa mpira au sindano ya kibofu, na kipimo cha mkojo nacho kionyeshe usaha au bakteria.

Hapa si ubishi wa darasani. Mtoto aliyepewa jina la UTI kimakosa anaweza kuwa na nimonia ambayo hakuna aliyeitafuta. Na mwenye UTI ya kweli akikosa dawa sahihi mapema, figo zinaweza kubaki na makovu.

Kwa hiyo ukikutana na jedwali la usugu, usianze na asilimia. Rudi kwenye sehemu ya mbinu, uulize: walikuwa watoto gani, walishatumia dawa gani, na mkojo ulikingwa vipi? Kama majibu hayamo, hiyo asilimia usiitoke nayo hospitalini.