Maji Hadi Lita 10: Uhakiki wa Tafsiri ya Maelekezo ya Dawa ya Mikono

Makala haya yanahusu karatasi moja ya maelekezo, yenye kurasa mbili tu, ambayo imepita mikononi mwa watu wengi tangu mwaka 2020. Karatasi hiyo yafundisha jinsi ya kutengeneza nyumbani dawa ya kusugulia mikono pale ambapo maji na sabuni ni haba. Haina jina la mfasiri wala la mchapaji, nami sikusudii kumtafuta. Ilitolewa kwa nia njema, wakati ugonjwa wa virusi vya korona ulipoingia nchini mwezi wa Machi mwaka ule na chupa zote zikatoweka madukani kwa siku chache. Ikaonekana tena ubaoni mwa shule na zahanati wakati homa ya Marburg ilipotangazwa mkoani Kagera mwaka 2023, na mara nyingine mwaka 2025. Karatasi inayorudi kila wasiwasi unaporudi ni haki yake kusomwa kwa makini kuliko ilivyosomwa hadi sasa.

Nilianza kuisoma kwa sababu ya jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, aliyeniletea siku moja akasema, "Mwalimu, hebu nisomee hapa. Wamesema pombe. Nami nimekwisha nunua." Alikuwa na chupa mbili za kinywaji kikali za dukani, majani matatu ya mshubiri, na ndoo. Hakukosea kusoma. Karatasi ilisema "pombe", naye akanunua pombe.

Neno hilo ndilo kosa la kwanza, na lina ukoo mrefu. Katika lugha yetu pombe ni kinywaji kinacholevya. Mbege ni pombe, gongo ni pombe, ya chupa ni pombe. Alkoholi ni kile kimiminika kilichomo ndani ya vinywaji hivyo vyote kwa viwango mbalimbali, na kilichomo pia katika vitu ambavyo si vinywaji hata kidogo. Mfasiri aliyeona neno la kigeni akalipa jina la "pombe" ametaja chombo akidhani ametaja kilichomo. Vinywaji vikali vya dukani kwa kawaida vina alkoholi ya asilimia 35 hadi 40. Dawa ya mikono haifai kitu ikiwa na chini ya asilimia 60. Mama yule angelichanganya vikombe viwili vya kinywaji chake na kikombe kimoja cha utomvu, kama karatasi ilivyoagiza, angelipata mchanganyiko wa asilimia 27 hivi: unanukia dawa, unapoza viganja, wala hauwezi kazi yake. Tena angeliuamini, na hapo ndipo palipo na madhara, kwa kuwa mtu asiye na kitu hujihadhari, na mwenye kitu kisichofaa haoni haja ya kujihadhari.

Wafasiri wengine, kwa kulikimbia neno "pombe", wameandika "spiriti". Hapa tumeruka majivu tukakanyaga moto. Spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano, ni kitu kimoja. Spiriti ya kuwashia jiko au kuyeyushia rangi ya mbao ni kitu kingine, na hiyo ya pili mara nyingi hutiwa methanoli makusudi ili watu wasiinywe. Methanoli ni sumu. Ikimezwa hupofusha na kuua, na ngozi nayo huweza kuipitisha. Nchini Uajemi, mwaka 2020, mamia ya watu walikufa kwa kunywa methanoli, baadhi yao wakidhani kuwa alkoholi ingewakinga na korona. Nchini Marekani mwaka huohuo dawa za mikono zilizotiwa methanoli ziliuzwa madukani, na mamlaka zikalazimika kutangaza orodha ya zile zisizofaa. Basi neno lenye kubeba kitu cha kutibu na kitu cha kuua chini ya jina moja haliwezi kuwa istilahi, hata likipendwa na wauzaji wote wa Kariakoo. Maneno ya kutumia ni "ethanoli" na "aisopropili alkoholi", kwa kuwa ndiyo yaliyoandikwa kwenye lebo za chupa, na msomaji lazima aweze kulinganisha karatasi na chupa herufi kwa herufi. Pembeni pawe na onyo kwamba "methanoli" haimo katika dawa hii kwa kiwango chochote. Kuna watakaosema kuwa maneno haya ni mageni. Ni kweli. Lakini hata "glisarini" ilikuwa ngeni, na leo hakuna anayeiulizia tafsiri.

Na tukiwa hapo kwenye glisarini: karatasi yaiita "mafuta ya glisarini", kama wanavyoiita watu wengi mtaani. Kwa mazungumzo ya mtaani sina ugomvi. Ila katika maelekezo, neno "mafuta" humpa msomaji ruhusa ya kubadilisha. Akikosa mafuta haya atatia mafuta yale, na mafuta ya nazi yako karibu. Glisarini si mafuta. Hupatikana, ni kweli, pale mafuta yanapochemshwa na magadi makali katika kutengeneza sabuni, lakini yenyewe huchanganyika na maji kabisa, ambapo mafuta ya nazi huelea juu. Kazi yake katika dawa hii ni kushika unyevu ili ngozi isipasuke. "Glisarini" peke yake yatosha.

Sasa nafika kwenye sentensi iliyonifanya niandike. Karatasi hii kwa sehemu kubwa ni tafsiri ya mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 kwa ajili ya maduka ya dawa na hospitali zinazotaka kujitengenezea dawa ya mikono. Mwongozo huo, kwa mapishi ya lita 10, wataka ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417. Na glisarini ya asilimia 98 mililita 145. Kisha maji yaliyokenekwa, au yaliyochemshwa yakaachwa yapoe, hutiwa mpaka mchanganyiko wote ufike alama ya lita 10. Mfasiri wetu ameandika: "Ongeza maji lita 10."

Naomba msomaji achukue kalamu. Vitu vitatu vya kwanza vikijumlishwa ni mililita 8,895. Maji yanayotakiwa ni yale yanayobaki kufikia 10,000, yaani lita moja na kidogo. Ethanoli halisi iliyomo ni kama mililita 8,000, na katika lita 10 hiyo ni asilimia 80, kiwango kilichokusudiwa. Lakini ukitia lita 10 nzima za maji, utapata karibu lita 19 za mchanganyiko wenye ethanoli ya asilimia 42 hivi. Viungo vyote vimenunuliwa kwa gharama, vimepimwa kwa uangalifu, halafu vyote vimeharibiwa na kukosekana kwa neno "hadi". Lugha yetu haikupungukiwa na kitu hapa. Tunasema "jazia maji hadi lita 10" na mtoto wa darasa la nne anaelewa. Wala tofauti ya "tia" na "jazia" haihitaji kamati. Kilichopungua ni mfasiri kusimama akajiuliza: mtu akifanya hasa haya niliyoyaandika, ndooni patakuwa na nini?

Kosa la aina hiyohiyo limo katika asilimia. Karatasi haisemi kama ni asilimia ya ujazo au ya uzito, na hali ethanoli ni nyepesi kuliko maji: asilimia 80 kwa ujazo ni takriban asilimia 73 tu kwa uzito. Kwa mpishi wa nyumbani mwenye kikombe cha kupimia jambo hili halina uzito sana. Kwa fundi wa maabara ya shule mwenye mizani lina uzito, na walimu wengi wa sayansi wameitumia karatasi hii darasani. Basi tuandike "asilimia 80 kwa ujazo", maneno mawili zaidi, na shauri limekwisha. Jirani wa kosa hili ni nukta ya desimali. Huko Kivu Kaskazini na Ituri, ambako Kiswahili ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya mafunzo wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, maji ya klorini ya kunawia mikono yalikuwa ya asilimia 0.05, na ya kusafishia sakafu na vyombo asilimia 0.5. Kwa mdomo, "nukta sifuri tano" na "nukta tano" hutofautiana kwa neno moja, ambalo kelele za foleni zinaweza kulimeza, na kosa lake ni mara 10. Pahali pa namna hii napendekeza tusitegemee tarakimu peke yake; tutaje pia kazi: "maji ya mikono", "maji ya sakafu".

Kuhusu haidrojeni peroksaidi, karatasi yasema kuwa "huua vijidudu vya mikononi". Sivyo. Kiasi kinachobaki katika dawa ni kidogo mno kwa kazi hiyo, na kimewekwa ili kuua mbegu za bakteria zilizoweza kuingia katika chupa au katika alkoholi yenyewe. Ndiyo sababu dawa huwekwa kando saa 72 kabla ya kutumiwa. Msomaji aliyeambiwa kwamba ndiyo inayoua ataiongeza, na yenye nguvu zaidi huunguza ngozi. (Mfasiri ameandika kuwa chupa "ziwekwe karantini saa 72". Nimeambiwa kuwa mahali fulani watu waliuliza kama mtengenezaji naye abaki ndani. "Zitengwe" lingetosha.)

Kuna neno jingine dogo lenye hatari kubwa. Karatasi yaonya kuwa dawa hii "huwaka". Taa nayo huwaka, na jua huwaka. Dawa yenye ethanoli ya asilimia 80 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi 17.5 za Selsiasi, na kwa Dar es Salaam hiyo ni mchana na usiku, mwaka mzima. Tena mwali wake karibu hauonekani kwenye mwanga wa mchana. Katika nyumba yenye jiko la mkaa na kibatari, onyo linalostahili ni: "Mvuke wake hushika moto upesi. Usiitengeneze wala kuimimina karibu na jiko, taa au sigara." Ni refu kuliko "huwaka", lakini onyo fupi lisiloonya ni urefu wa bure.

Nimechelewa kufika kwenye jina la dawa yenyewe, ambalo najua ndilo wasomaji wengi wa jarida hili walilotarajia nianze nalo. Kwetu limeenea "kitakasa mikono". Wenzetu wa Kenya wana "kieuzi". Mtaani ni "sanitaiza". Kwa kanuni za uundaji wa maneno sina la kulaumu. "Kieuzi" limetoka katika "eua" kwa njia ileile iliyotoa "mchukuzi" kutoka "chukua", na "kitakasa mikono" ni ndugu wa "kipaza sauti" na "kifungua kinywa", kitenzi na yambwa yake. Udhaifu ni wa maana. "Takasa" ni kufanya kitu kitakate, kisiwe na uchafu. Na "eua" ni kuondoa najisi, kwa asili jambo la ibada na mila. Maneno yote mawili yanaahidi kuwa uchafu utaondoka, na dawa hii haiondoi uchafu. Huua vijidudu vingi na kuviacha palepale pamoja na tope. Na mikono yenye tope, damu au mafuta huizuia hata kuua. Hapo hapana budi maji na sabuni. Hata hivyo sishauri tulifute "kitakasa mikono". Limeshakaa vinywani, na kulifuta sasa ni kuwachanganya watu kwa ajili ya usafi wetu sisi. Ila lisikatwe likawa "vitakasa" tupu, kwa kuwa hapo hata maji ya klorini ya sakafuni yataingia, na nimeona yakiingia.

Ninachosisitiza zaidi ni kitenzi. Karatasi yasema "nawa kwa kitakasa". Kunawa kwetu ni kwa maji, na anayenawa hujifuta au huisuuza mikono. Nimewaona watu mlangoni pa ofisi wakipokea tone, wakapitisha viganja mara moja, wakajifuta kwa leso. Dawa hii haifutwi. Hutiwa kiganjani ikajaa, ikasuguliwa pande zote, vidoleni na chini ya kucha, kwa sekunde 20 hadi 30, mpaka mikono ikauke yenyewe. Kitenzi ni "sugua", na sentensi ni "sugua mpaka ikauke".

Jambo la mwisho ni utomvu wa mshubiri, ambao haumo katika mwongozo wa mwaka 2010 bali umeongezwa na mkono mwingine. Karatasi yauita "shubiri". Kwa wauza dawa za asili shubiri ni ule utomvu mchungu wa manjano uliokaushwa, nao huwasha ngozi. Kilichokusudiwa ni ute mweupe wa ndani ya jani. Hata ute huo, ukiwa theluthi moja ya mchanganyiko, huishusha alkoholi ya asilimia 70 ikawa 47. Afadhali kipengele hiki kiondolewe chote, na mahali pake paandikwe kwamba penye maji na sabuni dawa hii haina haja kutengenezwa nyumbani.

Mama jirani alirudisha chupa zake dukani, moja ilipokelewa. Nimemwandikia kwa mkono sentensi 9 za karatasi ile upya, na kabla ya kumpa nilimwomba mjukuu wake azifuate kwa maji matupu, ndoo na kikombe cha kupimia. Alifika kwenye alama ya lita 10 akasimama. Napendekeza kila maelekezo ya namna hii, kabla hayajapigwa chapa tena, yapitie kwa msomaji kama huyo, ambaye hajaona matini ya asili.