Heko kwa Fundi wa Sili

Probox inayopanda milima ya Kisii hadi Nyamira, imesheheni abiria na ndizi, huichosha giaboksi ya otomatiki. Joto hukausha mpira wa sili, mafuta yakaanza kudondoka penye ekseli. Wapo wasemao ongeza mafuta tu, safari iendelee. Hesabu hiyo haisimami: mafuta yakipungua presha hushuka, klachi za ndani zikateleza na kuungua, na hapo gharama si ya kipete cha mpira tena.

Fundi wa jua kali anayejua kazi huchomoa ekseli, akang'oa sili kuukuu bila kukwaruza kikalio chake, akapaka mafuta mdomo wa mpya, springi ikitazama ndani, kisha akaigonga polepole kuzunguka ukingo. Hana vifaa vya kampuni, kweli. Giaboksi yenyewe ningesita kumpa aifungue. Ila sili hudai utulivu wa mkono kuliko mitambo, naye hakuachii gari kabla ya kupima mafuta upya.